Rasimu Namba Tatu: Sehemu ya Kumi na Moja

Ko! Ko! Ko!

Aliyekuwa nje alikuwa anagonga skii zake, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, kwenye ngazi ya kibanda ili zitoke theluji. Aligonga bila haraka, kama mtu aliyefika kwake.

Torunn Skjelbreid alikuwa na sekunde kumi. Kitabu cha wageni kilikuwa wazi mezani mbele yake. Katika kusoma alikuwa amefika kurasa za Januari, na Februari aliyoipandia mlima ilikuwa kurasa mbili tatu tu mbele. Akakifunga. Akitie kabatini? Mlango wa kabati hilo unalia. Ndani ya jiko la kuni? Mungu apishe mbali! Akakiweka kwenye benchi, akakikalia.

Wewe uliyeazimwa gazeti na jirani leo, mambo ni haya. Torunn ni mtafiti wa Taasisi ya Vardal ya mjini Oslo, taasisi huru ya mambo ya nje ambayo zaidi ya nusu ya mkate wake ni ruzuku ya serikali. Kanuni yake ya kwanza imetundikwa ukutani: mwenye kutoa ruzuku haoni rasimu kabla ya wasomaji wengine. Torunn ameandika ripoti kuhusu usuluhishi wa vita vya ng'ambo ambao nchi yetu inajivunia. Sura ya saba inasema usuluhishi ule ulitangazwa kufaulu wakati vijiji vikiendelea kuchomwa moto. Aliyeuongoza, Kolbein Røsok, leo ni mjumbe wa bodi ya Taasisi hiyohiyo.

Mwezi Februari rasimu ilikutwa Wizara ya Mambo ya Nje, kwa watoa ruzuku, kabla ya wakati wake. Tena si rasimu yoyote, ni nakala namba tatu, na nakala namba tatu ni ya Torunn. Jumatatu saa sita mchana bodi inakaa. Torunn atafukuzwa, na sura ya saba itafukuzwa pamoja naye.

Yeye anaapa hakuipeleka. Juzi dereva wa trekta wa bondeni amemnong'oneza kwamba siku mbili kabla rasimu haijaingia Wizarani, alisafisha theluji kwenye njia ya kibanda cha Taasisi kwa ajili ya watu wawili. Kwenye ratiba ya ofisi, wikendi ile kibanda kilikuwa kitupu. Ndiyo maana Jumamosi hii ya kuelekea Pasaka, wenzake wakifunga mizigo ya likizo, Torunn yuko mlimani amekalia kitabu.

Mlango ukafunguka bila hodi.

"Ala! Torunn?"

Alikuwa Gaute Lunder, pua nyekundu kwa baridi, begi mgongoni. Gaute wa meza ya pili! Miaka tisa wamekaa chumba kimoja, wamekula mkate na jibini ya kahawia wakitazamana.

"Ulimtegemea nani, Gaute? Mfalme?"

"Nilitegemea panya." Akavua kofia. "Wewe hukutakiwa kuwa hapa, dada. Umesimamishwa kazi."

"Nimesimamishwa kazi. Kupanda mlima sijasimamishwa."

Gaute akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi mno. Akafungua begi, akatoa machungwa mawili na chupa ya kahawa.

"Chungwa?"

"Sitaki."

"Kahawa basi."

"Nimekunywa."

Uongo. Koo lilikuwa limemkauka tangu asubuhi. Na huku kwetu mtu anayekataa kahawa ya mwenzake mlimani, ama anaumwa, ama ana neno moyoni. Gaute alilijua hilo. Akajimiminia yake, macho yakizunguka chumba: rafu, dirisha, msumari karibu na mlango.

Ule msumari wa kutundikia kitabu ulikuwa mtupu.

"Kitabu cha wageni kiko wapi?" akauliza.

Moyo wa Torunn ukapiga pa!

"Unakitakia nini?"

"Nimekuja kukichukua."

"Umepanda kilomita kumi na moja kwa ajili ya kitabu cha kuandika hali ya hewa?"

"Nimetumwa, Torunn. Usinitolee macho hivyo."

"Eilif amekupa nini?"

Eilif Bratteberg ndiye mkurugenzi wa Taasisi. Ndiye aliyeiona rasimu kwenye rejista ya barua za Wizara, ile ambayo mtu yeyote nchini anaweza kuisoma, akapiga kelele kabla hajamaliza kusoma. Tangu siku hiyo Torunn anamkwepa Eilif.

"Hajanipa kitu."

"Nasikia umeahidiwa kiti changu."

Gaute akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Umesikia kwa nani?"

"Kumbe ni kweli!"

"Kukaimu. Ni kukaimu tu, mpaka mambo yatulie."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilisema nitafikiri."

Torunn akaangua kicheko kichungu. Sisi watu wa huku tunajuana. "Nitafikiri" ni ndiyo yenye aibu.

"Miaka tisa, Gaute. Mtoto wako alipougua nani alikuandikia ripoti usiku na mchana? Kikulacho kweli ki nguoni mwako. Sasa nenda kamwambie Eilif kitabu hukukiona."

"Eilif, Eilif! Nani kasema Eilif?" Gaute akatua kikombe kwa nguvu mpaka kahawa ikamwagika. "Aliyenituma ni Bibi."

"Bibi?"

"Bibi. Anasema anakitaka kwa ajili ya maonyesho ya miaka arobaini ya Taasisi. Kasema nikilete leo leo, nisimwambie mtu."

Torunn akahisi kitu kizito kinamtoka kifuani.

Bibi ni Borghild Teigland, miaka sabini na tisa, mwanzilishi wa Taasisi. Nchi hii hata waziri anaitwa jina lake la kwanza, ila yule mama ofisi nzima ilimpa cheo cha Bibi na hajakikataa. Ile kanuni ya ukutani aliiandika kwa mkono wake. Inasemekana waziri mmoja wa zamani aliwahi kuja kuomba aone kurasa mbili tu, na Bibi akamfungulia mlango akamwonyesha ngazi za kushukia.

Sasa sikilizeni siri ambayo Torunn amewaficha wote isipokuwa ninyi. Mwezi Januari, nakala namba tatu ililala kwa Bibi siku mbili. Torunn alitaka tu jicho la mkubwa. Kwa kanuni za ofisi hilo ni kosa, maana rasimu haitoki nje na Bibi amestaafu, na ndiyo sababu Torunn hajathubutu kulisema mbele ya Eilif.

Kuna na jingine. Alhamisi, alipoamriwa aache kila kitu mezani na atoke, alitoka na daftari jekundu ndani ya koti. Ndani yake kuna mahojiano ya wanawake kumi na mmoja wa vile vijiji. Ndio ushahidi wote wa sura ya saba, na nakala yake nyingine haipo. Aliwaahidi wanawake wale kwamba majina yao hayataonwa na jicho lingine. Akalikimbiza kwa nani? Kwa Bibi.

"Anatusaidia," akasema, machozi yakimlengalenga. "Gaute, Bibi ananisaidia! Ameshajua habari ya kibanda. Anakusanya ushahidi kabla Eilif hajauchoma."

"Ushahidi gani?"

Torunn akainuka. Akachukua kitabu kwenye benchi.

"Ulikuwa umekikalia!"

"Kimepata joto. Njoo usome."

Wakainama wote wawili mezani. Januari, wikendi ya mwisho: mhasibu na watoto wake, mvua, skii hazitelezi. Torunn akafunua. Februari, tarehe nane na tisa.

Mwandiko ulikuwa wa wima, wa wino mweusi, wa shule ya zamani.

*"Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri asubuhi, jua, hakuna upepo. Theluji kavu, nzuri sana. Mgeni wangu Ingvild Storruste wa Wizarani alipaka skii zake nta isiyofaa, akateleza kurudi nyuma mlima mzima. Jioni uji wa krimu. Tumezungumza kuhusu ruzuku na sura ya saba. Hatukuelewana. Tumepasua kuni, tumefagia, tumefunga maji. Borghild."*

Torunn alisoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili, kidole kikifuata mstari.

"Borghild," akasema Gaute, kama kwamba Torunn hajui kusoma.

Wasomaji wangu, nimepokea barua zenu. Wengi mliapa ni Eilif. Mmoja aliandika kurasa nne kuthibitisha ni mfagizi. Poleni sana.

Najua mnachouliza. Mtu mwenye akili zile, kwa nini aliandika? Na baada ya kuandika, kwa nini hakuchana ukurasa? Mnauliza hivyo kwa sababu hamjalelewa na vibanda vyetu. Mtu wa huku anaweza kumdanganya mkewe, na kodi ya serikali akaipunja, lakini kitabu cha kibanda hakidanganyi wala hakichani. Ukilala, unaandika. Hali ya hewa, wageni, chakula, kuni. Bibi ameandika kwenye kitabu kile kwa miaka arobaini, na siku ya kuvunja kanuni yake mwenyewe mkono ukaandika kwa mazoea. Alichoweza kufanya ni kumtuma Gaute akilete.

"Labda kuna maelezo," Gaute akasema taratibu.

"Yapo. Nitayauliza."

Simu haishiki popote kwenye kibanda kile isipokuwa sehemu moja, nyuma ya choo cha nje, ukiegemea ukuta wa kulia. Torunn akavaa koti. Akachukua na kitabu.

"Kiache, nitakilinda," Gaute akasema.

"Wewe bado unafikiri, Gaute. Ukimaliza kufikiri nitakuachia."

Jua lilikuwa kali, theluji inaumiza macho. Simu ilionyesha chaji asilimia kumi na nne, na baridi ya mlimani haina huruma na betri. Torunn akaupiga picha ule ukurasa, kisha akaitafuta namba ya Ingvild Storruste, yule wa Wizarani anayeshughulika na ruzuku za taasisi huru. Miezi miwili amemwota vibaya mwanamke huyu.

"Samahani kukusumbua siku ya likizo," akaanza, maana hata vitani tuna adabu. "Ni Torunn Skjelbreid wa Vardal."

Ingvild akajibu: "Nilijua utapiga. Nilitegemea upige mapema zaidi."

"Ulikuwa kibandani kwetu Februari."

"Nilikuwa. Borghild alinialika. Alinifundisha kazi nikiwa msichana, sikuona ubaya. Jumapili wakati wa kufunga begi akanipa bahasha. Nikauliza, ni nini? Akasema, rasimu, ili msije mkashtuka. Nikamrudishia haijafunguliwa."

"Ulimrudishia?"

"Mkononi mwake. Nikamwambia, Borghild, hiki kikiingia Wizarani kitaandikwa kwenye rejista siku hiyohiyo, hata kingekuwa kadi ya Krismasi. Jumatatu asubuhi nikaikuta mapokezi."

"Na ukaiandika."

"Ningefanyaje? Nikaandika namba iliyo juu ya jalada, nikaifunga tena kwa gundi, nikairudisha kwa mkurugenzi wenu. Sijasoma hata neno moja."

Torunn akaegemea ukuta wa choo. Miezi miwili! Miezi miwili amekuwa akiwaza vyumba vya siri, wakubwa wenye suti wakichora mistari myekundu kwenye sura yake.

"Kwa hiyo Wizara haikutaka sura ya saba iondolewe?"

"Torunn, hakuna aliyeniomba niguse hata nukta. Nilidhani ninyi wenyewe ndio mnaojipendekeza. Nilidhani wewe ndiye uliyemtuma."

Simu ikakatika upande wa pili kwa adabu zote, na kheri ya Pasaka juu yake. Asilimia tisa.

Gaute alikuwa amesimama kwenye kona ya choo, mikono mfukoni.

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Nilikuwa nataka kukojoa."

"Kojoa huko kwenye misonobari." Akapiga namba ya Bibi.

Ikaita mara mbili tu.

"Torunn, mwanangu. Upo mlimani. Nasikia upepo."

"Hakuna upepo leo, Bibi. Jua, theluji kavu, nzuri sana."

Kwenye simu Torunn alisikia kijiko kikigonga bakuli. Jumamosi mchana, uji wa wali. Kila nyumba ya nchi hii ilikuwa mezani saa ile.

"Umesoma," Bibi akasema.

"Nimesoma. Umenipiga kisu mgongoni, halafu umeandika na joto la siku hiyo."

"Sijawahi kuandika uongo kwenye kitabu kile."

"Ungeuandika hapo, ukaacha kuniuza mimi! Nakala yangu, Bibi. Ulinirudishia huku umeshaitoa nakala, na namba tatu iko juu yake. Hukuona aibu?"

"Niliona." Sauti ya mzee ilikuwa kavu. "Nilidhani Ingvild ataisoma kimyakimya na mambo yaishe. Sikutaka jina lako litajwe. Lakini sikiliza na wewe. Baada ya Pasaka wanaamua ruzuku ya miaka mitano. Unajua watu wangapi wanakula pale? Arobaini na watatu. Ukiwapiga Wizara kofi bila kuwaonya, mkono mtupu haulambwi. Tutafunga."

"Hawakuomba kuonywa! Nimeongea na Ingvild sasa hivi. Hakuna aliyeomba kitu."

"Hawaombi, mtoto wewe. Hawajawahi kuomba. Ningewaheshimu zaidi wangeomba." Akavuta pumzi. "Miaka ishirini nimelala na kuamka nikiwaza watafikiri nini. Ile kanuni nimeiandika nikiwa kijana, sina nywele nyeupe, sina watu wa kulisha. Uhuru ni mtamu ukiwa huna mishahara ya kulipa."

Torunn alitaka kumchukia, akashindwa. Alikuwa anampenda yule mama, na ndiyo maana ilimuuma hivyo.

"Jumatatu utaiambia bodi ukweli."

"Jumatatu utaandika barua kwamba unaiondoa sura ya saba kwa hiari yako. Nitasema nakala namba tatu ilipotea kwangu, kosa la mzee. Kazi yako itarudi."

"Na nisipoandika?"

"Bodi itataka kujua ushahidi wako ni nini. Ninao hapa."

Damu ikamwisha Torunn usoni. Daftari jekundu!

"Huwezi. Kolbein yuko kwenye bodi."

"Ndiyo. Yuko."

Hapa mnielewe vizuri. Kolbein Røsok si mtu mbaya. Hata nzi hamuui. Shida yake ni kwamba anawaamini rafiki zake. Wakuu wa kule waliotia saini mapatano, walewale ambao watu wao walichoma vijiji, ni rafiki zake wa kula na kunywa. Ukimwonyesha majina kumi na moja, atanyanyua simu kwa moyo mweupe kabisa na kuwauliza wakuu wale: jamani, hawa wanawake ni akina nani, mbona wanasema hivi? Baada ya simu ile, hakuna mlango wa kijiji utakaowaficha.

"Bibi, wale wanawake wana watoto."

"Basi andika barua."

Na hapo hapo, kutoka jikoni kwa Bibi, ikaja sauti ya mwanamume. Ilikuwa ya mbali, ya kumtoka mtu mwenye uji mdomoni.

"Borghild! Uji unapoa. Hili daftari jekundu hapa juu ya friji ni la nani?"

Torunn akaacha kupumua.

"Kolbein, liweke chini," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote Torunn aliisikia ikitetemeka. "Nimesema liweke!"

"Kolbein yupo hapo? Bibi! Kolbein yupo nyumbani kwako?"

"Amekuja kula. Sikujua atasimama..."

Karatasi ikasikika ikifunuliwa.

Ukurasa wa kwanza! Torunn alifumba macho akauona. Majina yote kumi na moja, na vijiji vyao, kwa mpangilio wa alfabeti, kwa mwandiko safi unaosomeka hata na mtoto. Ndivyo tulivyofundishwa, na siku zote amejisifu kwa unadhifu wake.

"Haya si majina ya kule?" ikasema ile sauti, kwa furaha. "Ngoja nichukue simu yangu garini. Yupo mtu wa kumuuliza."

Hatua zikaondoka. Mlango ukafungwa.

"Ameenda nje," Bibi akanong'ona. "Torunn, ameliacha mezani. Nifanyeje?"

Asilimia tatu.

Jamani, fikirini kwa haraka kama alivyolazimika kufikiri yeye. Majina kumi na moja ya kigeni mtu hawezi kuyakumbuka kwa kuyatupia jicho mara moja. Daftari likitoweka, wamepona. Lakini daftari likitoweka, sura ya saba inabaki maneno ya mtafiti aliyesimamishwa kazi, bila shahidi. Jumatatu hatakuwa na cha kuweka mezani isipokuwa picha ya ukurasa wa hali ya hewa.

Miaka mitatu ya kazi. Safari sita. Mwanamke mmoja mzee wa kule alimshika mkono akamwambia, mwanangu, nenda ukaseme.

"Jiko lako la kuni linawaka?" Torunn akauliza.

"Linawaka."

"Lichome."

"Torunn, ukisha..."

"Najua! Lichome sasa hivi, Bibi, kabla hajarudi. Ukurasa wa kwanza kwanza. Nakuomba."

Akasikia mlango wa chuma wa jiko ukifunguliwa. Akasikia karatasi zikichanwa, moja, kisha nyingi. Akasikia Bibi akisema, polepole, bila kutetemeka tena:

"Umefanya uamuzi wa busara, mwanangu. Umeufanya mwenyewe."

Simu ikazima.

Torunn aliteleza chini mpaka akakaa kwenye theluji, kitabu cha wageni kifuani. Alilia waziwazi, kwa sauti, na hakujali Gaute anamwona. Wanawake wale wako salama. Hilo lilikuwa moja, nalo lilitosha. Lilibidi litoshe.

Gaute akachuchumaa mbele yake.

"Nini? Amesema nini?"

"Daftari limeungua. Nimemwambia alichome. Kolbein alikuwa pale jikoni, Gaute, alishaanza kusoma majina."

Gaute akakunja uso.

"Kolbein yupi?"

"Kolbein wako na wangu! Kolbein Røsok. Nimesikia sauti yake."

"Ulimsikia ni yeye, au ulisikia Bibi anamwita Kolbein?"

Torunn akafungua mdomo. Akaufunga.

"Torunn," Gaute akasema, na uso wake ulikuwa mweupe kuliko mlima, "Kolbein yuko Hispania na mkewe mpaka Jumapili jioni. Jana mchana mimi mwenyewe nimewapeleka uwanja wa ndege."